Shawa Inayompiga Mama, na Cheti Kinachouzwa Bila Mtu Kufika

"Assalam alaykum, mhandisi. Nyumba yetu iko Tudor, hapa Mombasa, aliijenga marehemu baba mwaka 1984. Chini anakaa mama na mdogo wangu wa kiume; juu twataka kupangisha. Mpangaji tuliyempata analipiwa na shirika lake, na shirika latudai cheti cha kuonyesha kuwa umeme wa nyumba umekaguliwa. Fundi aliyetuwekea shawa ya umeme ya mama mwaka jana asema ana karatasi zenye muhuri, atatujazia hata bila kuja. Nami nina wasiwasi, kwani mama alalamika kuwa akishika bomba la shawa humpiga kidogo mkononi, hasa miezi hii ya joto. Fundi asema nyumba za zamani za pwani zote ziko hivyo, ni ile chumvi. Breka ya shawa ilikuwa yakatika mara kwa mara, akaitoa akatia kubwa zaidi, sasa haikatiki. Nyaya za nyumba ni zile nyekundu na nyeusi. Ndugu zangu wasema ama tununue hicho cheti tumalize, ama tung'oe nyaya nyumba nzima, na pesa hizo hatuna. Mimi ndiye binti mkubwa, wote waniangalia mimi. Tufanye lipi?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Kabla sijasema neno lolote la cheti, nakuomba uache kusoma hapa, umpigie mdogo wako simu, aende kwenye boksi la breka na azime breka ya shawa. Asiishie kwenye swichi ya kamba ya bafuni, azime breka yenyewe. Kisha abandike utepe juu yake ili mtu asije akaiwasha kwa kusahau. Mama aoge kwa ndoo na kata mpaka shawa hiyo ipimwe. Hili halingoji mpangaji wala kikao cha familia.

Sasa tuzungumze.

Umenitumia maswali mawili yaliyofungwa katika kitambaa kimoja. La kwanza ni la karatasi, na ndilo ndugu zako wanalolijadili. La pili ni la mkono wa mama, na ndilo lililonifanya nikujibu siku ile ile niliyokusoma. Kwa kweli ni swali moja, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuandika kwa haki kwamba umeme wa nyumba ni salama ilhali ndani yake mna bomba linalompiga mtu anayeoga.

Tuanze na hilo neno "kidogo". Nimelisikia mara nyingi mno katika kazi hii: shawa inapiga kidogo, friji inachapa kidogo, ukuta wa jikoni unawasha kidogo. Watu hulitaja kama wanavyotaja paa linalovuja tone moja. Umeme hauna desturi ya kubaki kidogo. Kiasi kinachompata mama leo kinategemea amevaa kandambili au yuko miguu mitupu, sakafu imelowa kiasi gani, ameshika bomba kwa vidole au kwa kiganja kizima. Nyumba inaweza kubaki vilevile siku zote, lakini mama akibadilisha namna ya kusimama tu, lile "kidogo" linakuwa jambo jingine.

Umeme unaoingia kwenu ni wa volti 240. Unakuja kwa waya moto na unarudi kwa nyutro, na kazi yake yote ni kutafuta njia ya kurudi ulikotoka. Waya wa tatu, wa ardhi, ambao mafundi wote wa hapa twauita athi, hauna kazi siku za kawaida. Upo kwa ajili ya siku umeme utakapotoka nje ya njia yake, upate pa kupita pasipo mwili wa mtu. Katika shawa nyingi za umeme tunazofunga majumbani, ile koili inayopasha maji imekaa uchi ndani ya maji. Ndivyo zilivyotengenezwa. Maji matamu hupitisha umeme kidogo sana, na hicho kidogo hudakwa na waya wa athi uliomo ndani ya shawa. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Sasa jiulize: tangi lenu la juu hujazwa na maji gani? Kama ninavyoijua mitaa ya kisiwani, mfereji ukikauka hufunguliwa maji ya kisima, na visima vingi vya Mombasa vina chumvi. Miezi ya joto ndiyo tunayochota kisimani zaidi. Kwa hiyo fundi wenu aligusa ukweli nusu aliposema ni chumvi. Nusu aliyoiacha ni kwamba shawa ya koili wazi haifai kwa maji ya kisima. Ziko shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambazo koili yake imevikwa bomba la chuma na haigusani na maji hata kidogo. Dukani ukisema "ya maji ya chumvi" wanakuelewa mara moja. Ni ghali kuliko nyingine, na pesa yake nakushauri uitoe.

Lakini hata koili wazi yenye maji ya kisima haipaswi kumfikia mama ikiwa waya wa athi upo na unafanya kazi. Mama akihisi kitu, maana yake karibu kila mara ni moja: waya huo haupo, au umekatika njiani, au unaishia mahali pasipokuwa na ardhi. Kwa sasa mwenye kufanya kazi ya athi nyumbani kwenu ni mama.

Hapa nije kwenye breka, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea, na wenzangu wa kazi tumechangia kuwapoteza. Breka ya kawaida haimlindi mtu, inalinda waya. Iliyoandikwa 32 inangoja mkondo upite ampea 32 ndipo ianze kufikiria kukata. Mwili wa mtu aliyelowa, kwa volti 240, unaweza kupitisha kama robo ya ampea. Breka ya 32 hiyo haiioni kabisa. Na robo ya ampea ni nyingi mno kwa moyo wa mwanadamu; hata miliampea 30, yaani sehemu 3 kati ya 100 za ampea moja, zikimshika mtu kwa muda zinaweza kufunga misuli ya kifua asipumue, au kuuvuruga moyo. Kifaa kinachomlinda mtu ni kingine, kinaitwa RCD. Hicho kinahesabu umeme unaotoka na unaorudi. Ukitoka mwingi ukarudi pungufu kwa miliampea 30, kinajua kuna unaopotelea pengine, na kinakata kabla moyo haujapata muda wa kuharibika. Ukifungua boksi lenu utakitambua kwa kitufe kidogo chenye herufi T.

Ndiyo maana nataka mdogo wako afanye jambo la pili: aitafute ile breka ya zamani iliyotolewa mwaka jana. Pengine bado iko kwenye droo au juu ya boksi. Aitazame usoni. Kama ina kitufe cha T, basi ilikuwa na RCD ndani yake, ilikuwa ikikatika kwa sababu iliuona umeme unavuja, na fundi aliitoa ile iliyokuwa ikimlinda mama akatia isiyoona. Kama haina kitufe, basi ilikuwa breka ya kawaida, na ilikatika kwa sababu ya mzigo. Shawa ya kilowati 5.5 kwa volti 240 inakula karibu ampea 23. Ukiitia kwenye breka ya 20 inaweza kwenda kwa muda kisha ikate, na itakuwa imefanya kazi yake. Kutia kubwa zaidi kunafaa tu ikiwa waya nao ni mkubwa wa kutosha. Waya wa 2.5, yaani milimita za mraba 2.5, ule wa soketi, ukipita ndani ya paipu ukutani halafu juu ya dari chini ya mabati, hauna nafasi kwa mzigo huo. Majedwali ya mafundi yamehesabiwa kwa hewa ya nyuzi 30, na sote twajua dari ya Mombasa saa nane mchana haiko nyuzi 30. Ganda la plastiki la waya limepewa nyuzi 70 tu. Likizidi hapo kila siku huanza kuwa gumu, kisha hupasuka kama ganda la yai, na breka ya 40 iko pale chini imetulia, haioni kosa. Kwa shawa ya ukubwa huo mimi hutia waya wa 4 au 6, na dari ikiwa ya moto hutia 6 bila kujadiliana na mtu.

Kisha kuna ardhi yetu. Kisiwa hiki ni mwamba wa matumbawe. Waya wa athi huishia kwenye fimbo inayopigwa ardhini. Fimbo hiyo ya kawaida, chuma kilichovikwa shaba, huwa na mita 1.2, na inatakiwa izame yote. Ukiipiga nyundo sehemu nyingi za Mombasa utafika futi moja, kisha inadunda. Fundi mwenye subira huhama, hujaribu mahali pengine, hutoboa mwamba, au hupiga fimbo mbili tatu akaziunganisha. Fundi mwenye haraka huchukua msumeno.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye nyumba moja ng'ambo ya Likoni, mashine ya kufulia ilikuwa ikimpiga msichana wa kazi. Mwenye nyumba akanitolea cheti kilichotiwa ndani ya nailoni, muhuri safi, hakijatimiza miezi sita. Nikaenda uani kwenye kile kisanduku cha saruji cha athi, nikainua kifuniko. Fimbo ilikuwa pale, na klipu yake imegeuka unga wa kijani kwa hewa ya bahari. Nikaishika kwa vidole viwili nikaivuta. Ikatoka kama muhogo uliopandwa kwenye mchanga. Ilikuwa fupi kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na ncha yake ya chini imekatwa kwa msumeno, bado inang'aa. Nikarudi kukitazama cheti. Mahali panapotakiwa kuandikwa ukinzani wa fimbo, yaani jinsi umeme unavyozuiwa kuingia ardhini, namba ya omu, pameandikwa "sawa". Mahali pa muda wa RCD kukata, "sawa". Nyumba nzima haikuwa na RCD.

Tangu siku hiyo, mtu akinionyesha cheti cha umeme, macho yangu hayaendi kwenye muhuri. Yanatafuta namba. Cheti halali ni kumbukumbu ya vipimo vilivyochukuliwa na mtu aliyesimama ndani ya nyumba yako na mashine mkononi. Namba zikikosekana, au kila mahali pameandikwa "sawa", hakuna aliyepima. Na zikiwepo ilhali hakuna aliyefika, hiyo ni mbaya zaidi, maana zimebuniwa. Hicho ndicho fundi wenu anachowauzia. Nyumba ikishika moto, Mungu aepushe, kampuni ya bima ina kila sababu ya kukataa kulipa, na mpangaji akiumia mtaulizwa nyinyi wenye nyumba. Hata bila hayo yote, karatasi hiyo haitapunguza hata chembe ya kinachompata mama bafuni.

Kuhusu nani ana haki ya kukukagulia: kwa Sheria ya Nishati ya 2019, kazi ya kufunga umeme Kenya hufanywa na mwenye leseni, na leseni hutolewa na mamlaka ya nishati, EPRA. Zina madaraja, mwenye ruhusa ya nyumba ndogo ya fezi moja huenda hana ruhusa ya jengo la fezi tatu. Mwulize fundi namba ya leseni yake, daraja lake na tarehe ya kwisha, kisha uithibitishe EPRA wenyewe kabla hajaingia mlangoni. Fundi wa kweli haudhiki kwa swali hilo. Pia fahamu tofauti ya karatasi mbili. Kazi mpya ikikamilika, aliyeifanya hutoa cheti cha kukamilisha kazi, na ndicho Kenya Power hutaka kabla ya kukupa meta. Nyumba ya zamani kama yenu, ambayo aliyeifunga hayupo, hufanyiwa ukaguzi na hupewa ripoti: hali ilivyo leo, kasoro zilizopo, zipi za hatari ya papo hapo na zipi za kurekebishwa kwa wakati. Kasoro zikirekebishwa, aliyezirekebisha hutoa cheti cha kazi aliyoifanya. Waulizeni shirika la mpangaji wanataka ipi kati ya hizo. Mara nyingi ripoti safi ya ukaguzi ndiyo wanayoitaka, ila hawajui kuitaja.

Najua mmoja wa ndugu zako atasema kwamba watu wa stima walishakagua baba alipovuta umeme. Huenda walikagua, lakini hiyo ni miaka 40 nyuma, na jukumu lao huishia kwenye meta. Kuanzia meta kuingia ndani ni lenu. Mwongozo wa Waingereza, ambao ufundi wetu umeufuata tangu zamani, hupendekeza nyumba anayokaa mwenyewe ikaguliwe kila miaka 10, na ya kupangisha kila miaka 5. Kwa hewa hii ya chumvi mimi husema fimbo ya athi na klipu yake vitazamwe kila mwaka. Kuinua kifuniko na kutazama ni kazi ya dakika moja.

Siku ya ukaguzi, fundi akiingia na bisibisi ya kupimia na koleo tu, mpe kahawa na umshukuru, arudi zake. Testa ile inawaka taa ikigusa waya moto, haiwezi kukuambia lolote la athi wala la ganda la waya. Mkaguzi huja na mashine za kupima, na nyumba ya ghorofa moja kama yenu itamchukua nusu siku au zaidi. Kwanza ataangalia kwa macho na kwa pua: soketi zilizoungua, boksi lenye kutu, viungo vilivyofungwa utepe juu ya dari. Kisha atazima umeme wote. Muwe mmeyatoa yaliyo kwenye soketi, friji, runinga, chaja, maana atasukuma volti 500 ndani ya nyaya kupima kama maganda yake bado yanazuia, na vifaa vya watu havipendi hilo. Namba inayotakiwa hapo haishuki megaomu 1, yaani omu milioni moja. Waya mzima huonyesha zaidi ya hapo kwa mbali, na ukiona 2 au 3 ujue pana unyevu au ganda linachoka. Ataufuata waya wa athi kutoka kila soketi hadi boksi kuona kama haukukatika. Atahakikisha kila swichi inakata waya moto na si nyutro, kosa ambalo humfanya mtu azime taa akadhani yuko salama kubadilisha balbu. Kisha atawasha, apime fimbo, apime mzunguko mzima wa athi, na abonyeze RCD kwa mashine ahesabu milisekunde. Ikipewa miliampea 30 isizidi 300, ikipewa mara tano yake isizidi 40.

Kipimo cha fimbo nakuomba ukielewe, kwani ndicho kinachoeleza kwa nini nyumba yenu haiwezi kukaa bila RCD. Chukua fimbo iliyopigwa vizuri, ya omu 50. Kwa mwamba wetu ni fimbo ya kujivunia. Waya moto ukigusa bati la friji, mkondo utakaopita ardhini ni 240 ugawe kwa 50, yaani ampea 4.8. Breka ya 32 haitajua lolote, na bati la friji litabaki na umeme mpaka mtu aliguse. Lakini RCD ya miliampea 30 itakata papo hapo, hata kama fimbo ni dhaifu mara kadhaa kuliko hiyo. Sisi hutaka isizidi omu 200, kwa sababu juu ya hapo namba huyumba: masika ardhi ikilowa hushuka, kaskazi ikikauka hupanda. Hapo una sababu ya pili ya mama kupigwa zaidi miezi ya joto. Maji ya shawa yamezidi chumvi, na ardhi ya uani imekauka.

Rangi za nyaya zisiwakoseshe usingizi. Nyekundu na nyeusi ni rangi zetu za zamani. Hudhurungi na bluu zilikuja baadaye. Rangi peke yake si kasoro. Waya wa plastiki wa 1984 uliolala ndani ya paipu kavu, usiozidishiwa mzigo, unaweza kuwa mzima mpaka leo, na ni mashine ya volti 500 itakayosema, si umri wake. Ambazo ningeng'oa bila kuuliza ni zile za ganda la mpira za nyumba kongwe zaidi, na yenu si ya enzi hizo. Ninachokitilia shaka zaidi kwenu ni soketi. Nyumba nyingi za wakati ule zilivutwa athi kwenye soketi za jikoni tu, vyumbani hakuna. Na nimeona mafundi wakiunganisha athi na nyutro nyuma ya soketi ili ionekane ipo. Nyutro ikilegea siku moja mahali popote kabla ya hapo, bati la kila kitu kilichochomekwa linakuwa na volti 240. Mkaguzi akikuta hilo, lirekebishwe siku hiyo hiyo.

Sasa uamuzi wenu. Ndugu zako wamekuwekea njia mbili, ya kununua cheti na ya kung'oa kila kitu. Ya kwanza nimeshasema. Ya pili siipingi, ila ni kununua dawa kabla ya kupimwa damu. Ningekuwa mimi, ningelipia ukaguzi kwanza, peke yake, bei yake ikiwa mbali na bei ya matengenezo, na kwa mtu asiyekuwa na hamu ya kuniuzia nyaya. Akimaliza nitajua nini kibovu. Kisha ningetoa pesa kwa mpangilio huu: athi ya uani na RCD kwanza, shawa ya maji ya chumvi na waya wake wenyewe kutoka kwenye boksi, wenye breka inayolingana nao, kisha athi kwenye soketi zisizo nayo. Nyaya zilizofeli kipimo zibadilishwe, zilizofaulu zibaki. Nyumba nyingi za umri wa yenu nilizozikagua hazikuhitaji kung'olewa zote. Siwezi kukuahidi kwamba yenu ni mojawapo mpaka ipimwe.

Mtu anaweza kuwaambia: tieni RCD tu, athi mtaiona mwakani. Hili lina ukweli ndani yake, na nitalisema kwa haki. RCD hufanya kazi hata pasipo waya wa athi, na bora iwepo leo kuliko kungoja. Lakini pasipo athi inangoja mtu aguswe ndipo ione umeme unapotea. Mama atashtuka kwanza, kisha ikate. Pakiwa na athi, inakata wakati ule ule kasoro inapotokea, mama akiwa bado kitandani. Mtu mzima akishtuka kwenye sakafu iliyolowa anaweza kuanguka, na anguko lenyewe likawa ndilo lililomuumiza.

Mjiandae kwa usumbufu mmoja. RCD zikitiwa kwenye nyumba ya zamani ya ghorofa, kila ghorofa na yake, mara nyingi hukatika kila taa ya ngazi inapowashwa. Sababu ni kwamba taa ya ngazi, yenye swichi chini na juu, ilifungwa kwa kuchukua waya moto wa ghorofa moja na kuazima nyutro ya ghorofa nyingine. RCD inahesabu inaona hesabu haiingiani. Fundi mvivu atasema kifaa ni kibovu akitoe. Msikubali, atafute nyutro iliyoazimwa airudishe kwao. Kwenu nyinyi hili ni muhimu zaidi, kwani mnataka kumtenga mpangaji wa juu. Nyutro hiyo ikibaki, mtu anaweza kuzima umeme wote wa juu akaamini amezima, na waya mmoja ukawa bado unapitisha wa chini. Mkitaka mpangaji anunue tokeni zake mwenyewe, ombeni meta yake Kenya Power, na kazi ya kutenganisha ghorofa ifanywe na mwenye leseni atakayewapa cheti cha kazi hiyo.

Yako mambo ambayo hayangoji ukaguzi. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, breka au plagi ikiwa ya moto kwa kiganja, au soketi ikilia kama inakaanga kitu, zima swichi kubwa na umwite fundi mwenye leseni siku hiyo. Taa zikiwa kali kupita kiasi chumba kimoja na kufifia kingine, zima vyote na uwapigie Kenya Power 97771, maana nyutro ya nje huenda imelegea. Waya wa nguzo, meta na lakiri yake msiviguse, wala msimruhusu fundi yeyote aviguse. Na mtu yeyote aliyepigwa na umeme akahisi moyo kwenda mbio, kizunguzungu au maumivu ya kifua, apelekwe hospitali apimwe moyo, hata akisema amepoa. Mwulize mama swali hilo leo, kwa upole, maana wazee wetu hawapendi kusumbua watoto.

Ukishapata ripoti, usiniandikie kwamba "imepita". Nitumie ile karatasi ya vipimo, ukurasa wenye namba, na ile breka ya zamani mkiipata nipigieni picha ya uso wake. Tutaisoma pamoja mstari kwa mstari, wewe na mimi, na ndugu zako wakitaka wakae wasikilize.